Mizunguko Saba Iliyokosekana

Kuna anayeogopa nyoka, kuna anayeogopa sindano ya daktari, na kuna anayeogopa kusemwa. Bwana Koki aliogopa kusemwa. Ukimwona barabarani usingemdhania, maana alikuwa pande la mtu, mabega mapana, viganja vimekomaa kwa kushika chuma. Lakini watu wawili wakinong'onezana pembeni naye yupo, basi siku hiyo chakula hakipiti kooni. Nami nakwambia mapema, hofu hiyo ndiyo iliyomharibia maisha, na laiti ingekuwa yake peke yake tungemwachia mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga maji ya mji. Ofisini cheo chake kiliandikwa kwa maneno marefu ambayo hakuna aliyekuwa na muda nayo, watu wakamwita Bwana Koki, jina likamganda, hata mkewe akawa anamwita hivyo akitaka kumchokoza. Maji ya mji ule yalitoka kwenye tangi moja kubwa mgongoni mwa kilima, yakashuka kwa bomba moja hadi njia panda. Hapo palikuwa na shimo lenye mfuniko wa chuma, na ndani ya shimo valvu mbili. Ya kushoto ilipeleka maji Bondeni, kwenye maduka, nyumba za wageni, sehemu za kuoshea magari na nyumba za watumishi, yake ikiwemo. Ya kulia ilipeleka maji Juu, ng'ambo ya korongo, ambako watu walichota kwenye mabomba matatu ya mtaa kwa foleni. Maji hayakuwahi kutosha pande zote mbili. Ukimpa huyu umemnyima yule, hakuna ujanja mwingine.

Si kwamba aliamua kwa kichwa chake. Ofisi ilibandika karatasi ya mgao ukutani: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa mbili asubuhi, valvu ya Juu ifunguliwe mizunguko kumi na nane na ya Bondeni ipunguzwe. Siku nyingine zote ni za Bondeni. Yeye alifika pale na ufunguo wake wa chuma, mrefu wa kumfika kifuani, wenye mkono uliokingama juu kama herufi T. Aliuchomeka kwenye kichwa cha valvu akazungusha polepole, kwa sababu ukiwa na pupa maji yanashtuka, bomba linapasuka. Alihesabu kwa sauti ya chini. Akimaliza aliweka sikio kwenye ufunguo akasikiliza, maana maji yakipita yana sauti yake, na aliyezoea anaijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Kisha akaandika kwenye daftari tarehe, saa, valvu na mizunguko.

Mizunguko yenyewe haionekani. Aliyesimama nje ya shimo anaona mtu anazungusha chuma, basi. Ilikuwa kazi ya kuaminiwa, na yeye alikuwa mwaminifu, tusimwonee. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hakuwahi kupokea hata soda ya mtu ili amfungulie maji.

Sasa, Juu ndiko alikozaliwa, na ndiko alikobaki dada yake. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka sita na dada ana kumi na tano. Dada akaacha shule, akafua nguo za watu, akamlea mdogo wake, akamsomesha mpaka akapata ile ajira. Hakupata watoto wake mwenyewe, ila mtaa mzima ulimwita Shangazi, na ugomvi wa foleni ukizuka yeye ndiye aliyeamua nani katangulia. Siku mdogo wake alipokabidhiwa ufunguo, alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani. Hakusema sasa tutapata maji mengi. Alisema, "Sasa hatutadhulumiwa."

Mwaka wa kwanza Bwana Koki alifungua mizunguko kumi na nane, kama ilivyoandikwa. Juu maji yalitoka kwa nguvu, ndoo inajaa kabla hujamaliza salamu. Bondeni nako wakaanza kuhisi siku tatu zile bomba linakuwa jembamba, na watu wa Bondeni si wa kunyamaza. Wana simu, wana jamaa ofisini, wana barua zenye mihuri. Ikaja barua: mfungua maji wenu anapendelea kwao, dada yake anakaa Juu, damu ni nzito kuliko maji.

Mkuu wa ofisi akamwita, akaisukuma barua mezani. "Ni kweli una dada Juu?"

"Ninaye, mkuu. Lakini nafungua kama karatasi inavyosema."

"Najua. Aliyekuwa kabla yako naye alikuwa akisema hivyo hivyo, na leo yuko nyumbani kwake analima. Endelea na karatasi. Ila jina la dada yako nisilisikie tena ofisini humu."

Mtu mwingine angetoka pale akasema, potelea mbali, wacha waseme. Wahenga walishasema heri lawama kuliko fedheha. Bwana Koki hakulala siku mbili. Kila aliyemtazama mjini alimwona kama anataka kumuuliza habari za dada yake. Jumatano ilipofika alihesabu hadi kumi na sita, mkono ukasita, akauchomoa ufunguo. Kwenye daftari akaandika kumi na nane.

Alijiambia ni kwa muda. Kelele zikipoa ataongeza. Lakini kelele za Bondeni hazipoi, zinahama tu kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule, na Bondeni yenyewe ikazidi kujengwa, nyumba ya wageni ya ghorofa, kisha ya pili, kisha mashine za kufulia. Akashuka kumi na nne. Ulipokuja mwaka wa ukame, tangi likawa nusu, akashuka kumi na moja. Mvua zikarudi, tangi likajaa, kumi na moja ikabaki. Kwa nini hakurudisha? Alijiuliza swali hilo mwenyewe miaka mingi, na jibu lake lilikuwa la aibu: angeongeza, Bondeni wangeshtuka maji yamepungua, wangeuliza, na jina la dada lingerudi mezani. Juu hawakuuliza kitu. Basi kila siku ya zamu yao aliwapa kumi na moja na kuandika kumi na nane, kwa mwandiko mzuri, bila kufuta.

Unajua kwa nini Juu hawakuuliza? Walitaka kuuliza. Mwaka ule wa ukame fundi viatu wa pale, mtu mmoja mbishi lakini mwenye akili, aliandika barua kwa ofisi ya maji, akakusanya majina arobaini. Akaipeleka kwa Shangazi ili aweke lake la kwanza, kwa heshima.

Shangazi alisomewa hadi mwisho. "Mnasema hatufunguliwi sawasawa," alisema. "Anayefungua ni nani?"

"Shangazi, hatumtaji mtu."

"Hammtaji lakini mnamjua. Mimi nimemlea kwa mikono hii. Nawaapia kwa mama yangu aliyelala kaburini, yule mtoto akiambiwa kumi na nane anafungua kumi na nane. Maji ndiyo haba. Mkipeleka hii barua mtamfukuzisha kazi mtu asiye na kosa."

Barua akaiweka chini ya godoro lake, haikutoka tena. Na watu wakamwamini, maana alikuwa hasemi uongo. Wakawa wanaamka mapema zaidi, wanapanga ndoo usiku bado haujaisha, bomba linatoa uzi mwembamba wa maji kama mtu anayelia kwa siri. Zamu isipokufikia unashuka korongoni kwenye kijito.

Huko korongoni ndiko Shangazi alikoanguka. Ilikuwa Jumatano, siku yao hasa, na maji yalikuwa yamekatika ndoo yake ikiwa ya kumi kwenye foleni. Akateleza kwenye mawe yenye utelezi, nyonga ikavunjika. Bwana Koki alimkuta wodini, kalala chali, mguu umefungwa uzito. Akakaa pembeni ya kitanda anasugua kofia yake mikononi.

"Mbona unalia wewe mtu mzima?" dada yake akamwuliza. "Utawafanya manesi wadhani nimekufa."

"Ulikuwa unafuata nini korongoni siku ya maji, dada?"

"Yalikata. Usijilaumu, mdogo wangu. Wewe si mvua."

Hapo ndipo angesema. Ukimwuliza leo atakwambia hivyo mwenyewe, kwamba kama kuna saa moja angepewa airudie katika maisha yake, ni ile, kando ya kile kitanda. Lakini alimpa maji ya kunywa kwenye kikombe, akamwinulia kichwa. Dada akatoka hospitali na mkongojo, na mkongojo haukumwacha tena.

Alijaribu kufidia, kama tunavyojaribu wote tukiwa na deni la moyoni. Kila Jumapili alipanda Juu na madumu mawili ya maji kutoka bombani kwake Bondeni, jasho likimtoka. Dada akamkataza. "Watu watasema nakunywa maji ya Bondeni kwa sababu yako. Waache. Mimi nitakunywa wanayokunywa wenzangu." Mkewe alikuwa na ulimi wake, akamwambia jioni hiyo, "Afadhali dada yako. Sisi hapa tunamwagilia maua." Na kweli, walikuwa na maua mekundu mbele ya baraza, mazuri, wapita njia wakiyasifia.

Miaka ikaenda. Imebaki miezi minne astaafu, akaja injinia mpya na mpango mpya. Bomba zote za zamani zinang'olewa, zimeoza, mji unawekewa mpya za kudumu miaka mingi. Injinia alikuwa mtu wa haki, wala usije ukamtupia lawama. Alisema mgao wa kelele umekwisha, sasa kila upande utapata kulingana na mahitaji yake halisi, na mahitaji hayo hayabuniwi, yanasomwa kwenye mita na kwenye daftari. Akachukua madaftari yote ya Bwana Koki, ya miaka ishirini na miwili, akayasifia mwandiko.

Kisha akaitisha mikutano. Wa Juu ulifanyika darasani, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Bwana Koki alikaa mbele, upande wa ofisi. Dada yake alikaa dawati la pili na mkongojo wake.

Injinia alichora ubaoni mistari miwili. "Bondeni wanatumia hivi. Ninyi mnatumia hivi. Siku zenu za maji valvu yenu imefunguliwa mizunguko kumi na nane, haijawahi kupungua hata siku moja, daftari lipo. Kama njia ilikuwa wazi kiasi hicho, na bado mita inaonyesha mmetumia kidogo namna hii, basi ndicho mnachohitaji, pamoja na kile kinachozuiwa na kutu ya bomba. Kwa hiyo Bondeni nitaweka bomba la inchi sita. Kwenu, la inchi mbili. Likiwa jipya na safi litawatosha."

Fundi viatu akasimama, dawati likalia. "Injinia, sisi tunashuka korongoni. Mtu anayetosheka na maji anashuka korongoni kufanya nini?"

Injinia hakumpuuza. Alifikiri kidogo, akamgeukia Bwana Koki. "Ni swali zuri. Mzee, wewe ndiye unayejua. Kama kuna kipindi ulipunguza, hata kwa sababu nzuri, niambie sasa. Hesabu hii yote nitaifuta, tutapima upya, na wataweza kupata hata inchi nne. Wiki ijayo naagiza mabomba. Yakishaagizwa ndiyo hivyo."

Darasa zima likamtazama. Jamani, nafasi gani tena mtu apewe? Mlango umefunguliwa wazi, kaambiwa pita. Mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka, nasema kweli, pumzi ilishamtoka. Ndipo dada yake akainuka kwa mkongojo, kabla hajaulizwa na mtu.

"Huyo msimsumbue," alisema. "Injinia, mimi ni dada yake. Ungekuwa umetafuta mtu wa kutupendelea ungemkosa, na wa kutudhulumu ungemkosa pia. Kama ameandika kumi na nane, ni kumi na nane." Akamtazama mdogo wake, uso unang'aa kwa fahari. "Si ndiyo, mdogo wangu?"

"Ni kumi na nane," Bwana Koki akasema.

Fundi viatu akaketi. Injinia akafuta ubao.

Miezi minne ikaisha. Ofisi ikampa Bwana Koki saa ya ukutani na maneno mazuri, mkuu akasema kama kila mtumishi angekuwa mwaminifu kama huyu, nchi ingekuwa mbali. Mkewe aliitundika saa sebuleni. Yeye akaiteremsha akaigeuza uso ukutani, akasema mlio wake unamsumbua. Barabarani walikuwa wameshafukia bomba nene la Bondeni, na lile la Juu, jembamba kama mkono wa mtoto, lilikuwa limelazwa kando ya mtaro likisubiri zamu yake.

Aliyechukua ufunguo alikuwa mama mmoja wa makamo aliyehamishwa kutoka kituo kingine, mkimya, mwenye buti kubwa. Hakuwa na dada Juu wala shemeji Bondeni. Alisoma karatasi ukutani, akaenda kwenye shimo siku ya Jumatatu saa mbili asubuhi, akahesabu mizunguko kumi na nane, akaandika kumi na nane, akaenda kunywa chai.

Kule Juu watu walidhani bomba limepasuka. Maji yaliruka kutoka kwenye koki yakamlowesha mama wa kwanza kwenye foleni kifua kizima. Ndoo zikajaa, madumu yakajaa, masufuria yakaletwa, na saa nne asubuhi foleni ilikuwa imekwisha, jambo ambalo vijana wa pale walikuwa hawajawahi kuliona. Kwa bomba lile lile bovu lenye kutu. Jumatano ikawa hivyo hivyo. Jumamosi ikawa hivyo hivyo. Watu wakawa wanacheka peke yao njiani.

Jumatatu iliyofuata Shangazi aliteremka na mkongojo hadi njia panda, akamkuta yule mama anafunika shimo. Wakasalimiana. "Mwanangu," akamwambia, "umetubadilishia nini? Au umetuonea huruma?"

"Sijabadilisha kitu, mama. Nafungua kumi na nane, kama ilivyoandikwa."

Kutoka pale hadi nyumbani kwa Bwana Koki ni mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye miguu mizima. Dada yake alitumia saa nzima. Alimkuta barazani, karibu na yale maua. Hakukaa.

"Ulikuwa unafungua ngapi?" akauliza.

Njia ya mwongo fupi, lakini ya huyu ilikuwa imenyooka miaka zaidi ya ishirini, na sasa ilifika mwisho wake hapo kwenye kizingiti chake. Akainamisha kichwa. "Kumi na moja, dada."

"Tangu lini?"

Akamweleza. Barua, mkuu, kumi na sita, kumi na nne, ukame. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyejisimulia mara nyingi. Akasema waliponiambia nakupendelea niliogopa. Akasema dada, sikuchukua kitu cha mtu. Dada alisikiliza hadi mwisho, mikono miwili juu ya mkongojo.

"Wewe uliogopa waseme unanipenda," akasema.

Bwana Koki akapiga magoti, mtu wa miaka sitini na ushee, akashika pindo la nguo ya dada yake, na mkewe aliyekuwa dirishani akaondoka ili asione.

"Inuka," dada akasema. "Mimi si wa kupigiwa magoti. Kesho kutwa ni siku ya maji. Utakuja bombani uwaambie wenyewe. Lakini kwanza nenda kwa injinia, labda Mungu atatusaidia."

Kwa injinia alikwenda siku hiyo hiyo. Injinia alimsikiliza amesimama, kisha akakaa. Hakumkaripia. Alimwuliza tu, "Mzee, si nilikuuliza?" Akamwonyesha karatasi zenye sahihi. Bomba la Bondeni limeshafukiwa, la Juu limeshaletwa, mafundi wanaanza kuchimba ndani ya wiki mbili, na bomba la zamani linang'olewa kwa sababu haliwezi kubaki. Mpango mwingine wa mabomba ni baada ya miaka kumi na tano. Angeandika barua, akasema, angejitahidi, ila asingependa kumdanganya mzee wa watu. Dada yake alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Jumatano bombani, maji yakiwa bado yanatoka kwa nguvu, Bwana Koki alisimama mbele ya foleni akasema yote. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kupigwa, na sidhani kama angejikinga. Maji yakawa yanamwagika juu ya ndoo iliyojaa, hakuna aliyeisogeza.

Fundi viatu ndiye aliyeanza. "Mimi sijashangaa," alisema. "Mtu wa ofisi ni mtu wa ofisi. Walikutisha, ukatishika. Hata mimi ningetishika, nina watoto. Umekuja mwenyewe kusema, ni wangapi wanaokuja? Yaishe, mzee."

Wengine wakaguna kukubali. Mama mmoja hata akamwambia asimame kivulini. Bwana Koki alihisi kama amevuliwa mzigo wa kuni mgongoni, machozi yakamtoka. Hakuona bado yanayokuja.

Ndipo yule mama aliyemwambia asimame kivulini akageuka upande wa pili, kwa Shangazi. "Wewe je?" akauliza, kwa sauti ya chini kabisa. "Yeye alikuwa kazini kwake huko. Wewe ulikuwa hapa na sisi. Ulituapia kwa mama yako. Barua ilikuwa na majina arobaini, Shangazi. Na darasani ukasimama tena. Mwenzio alitaka kusema, nilimwona kwa macho yangu, ukamjibia."

"Sikujua," Shangazi alisema.

"Hukujua, basi ungesema hujui. Uliapa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mwingine akamalizia, akainua ndoo yake akaondoka.

Bwana Koki alipaza sauti, akasema dada hana kosa, kosa ni langu, nihukumuni mimi. Wakamwambia kwa upole, tumeshakusamehe, mzee, nenda kapumzike. Hawakumtukana Shangazi, wala hawakumsusia waziwazi. Walichofanya ni kuacha kumwita. Ugomvi wa foleni ukizuka wakauamua wenyewe. Nafasi aliyokuwa akishikiwa kwa sababu ya nyonga yake haikushikwa tena na mtu, na siku ya tatu, alipokosa hata wa kumbebea ndoo akairudisha tupu, hakwenda tena.

Wiki tatu baadaye wakazika bomba la inchi mbili. Lilikuwa jipya na safi, kama injinia alivyosema, na maji yake yalikuwa uzi ule ule. Yule mama wa ofisini anafungua kumi na nane, na angefungua hata ishirini na nne isingeleta tofauti, maana njia yenyewe ndiyo nyembamba.

Siku hizi Jumatatu, Jumatano na Jumamosi utamkuta Bwana Koki kwenye foleni ya Juu, na ndoo mbili za dada yake. Anafika mapema, anangoja zamu kama watu wengine, kwa muda wa saa tatu hata nne. Na cha ajabu anapendwa pale. Wanamwambia habari za asubuhi, mzee, mgongo unaendeleaje, shemeji hajambo? Fundi viatu humpa kigoda. Wanamwuliza habari za mkewe, za watoto wake walio mbali, hata za maua yake, ambayo ameshayang'oa.

Juzi Jumamosi alipata ndoo zake mbili karibu na adhuhuri. Akazibeba polepole hadi kwa dada yake, akazitua mlangoni. Dada alikuwa amekaa kitandani, chini ya dirisha linalotazama njia ya bombani, na kutoka hapo sauti za foleni zilisikika vizuri, watu wanataniana.

"Wengi leo?" akauliza.

"Wengi."

Dada alikuwa anakunja ncha ya shuka kwa vidole. "Wameniulizia?"

Neno moja tu, ingemgharimu nini? Mtu aliyeandika uongo miaka zaidi ya ishirini kwa mwandiko mzuri, leo kwa nini asiseme ndiyo, wamekuulizia, wanakusalimu sana? Alilitafuta neno hilo, na moyo wake wote ulitaka kulisema.

"Hapana, dada," alisema. "Hawajakuulizia."

Dada akatikisa kichwa taratibu, akamwonyesha pipa lililokuwa pembeni. "Haya, mimina humo," akasema, "halafu urudi ukapange tena. Hizo mbili hazitoshi."